Gari la Marehemu: Mwaka Wake, Magurudumu Yake na Haki ya Warithi

Mtu anapofariki dunia, mali yake hutoka mikononi mwake papo hapo, na kila alichokiacha, kuanzia shamba hadi kijiko, huwa ni amana ya warithi mpaka kigawanywe. Jambo hili kila mmoja wetu amelisikia msikitini. Lakini ziko mali ambazo watu hawajui kuzithamini, na mali isiyojulikana thamani yake ndiyo inayoliwa upesi zaidi. Shamba lina mpimaji wake. Dhahabu ina mizani ya sonara. Gari kuukuu lililolala chini ya mwembe kwa miaka kumi na tano lina nani?

Niliitwa Sagana kusaidia ugawaji wa mirathi yenye gari la namna hiyo. Kwa msomaji wa pwani asiyewahi kupanda huko, Sagana ni mji mdogo wa Kaunti ya Kirinyaga, kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Karatina, Nyeri na Nanyuki, na reli ya Nanyuki hupita hapo. Mto wake si mgeni kwetu, kwani maji ya Sagana ndiyo yanayokuwa Mto Tana, yakazunguka bara lote hadi kumwagika baharini karibu na Kipini. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye alikuwa mtu wa asili ya pwani, ila yeye aliupanda mto badala ya kuushuka: alihamia huko akiwa kijana, akauza vitambaa katika soko la Karatina kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Aliacha nyumba, akiba ndogo ya fedha, na Volkswagen moja ya rangi iliyopauka, ile aina ambayo umbo lake watu hulifananisha na kobe.

Nyumba na fedha hazikutusumbua. Gari ndilo lililokaa katikati ya watu.

Kila mmoja alikuwa na mwaka wake. Kijana wa marehemu, anayefanya kazi Nairobi, alishikilia kwamba gari ni la 1962, kwa kuwa baba yake alipenda kuwaambia wanawe kuwa gari lao ni ndugu wa lile lililoshinda mashindano ya Safari mwaka huo. Kitabu cha gari, yaani logibuku, kilisema 1968. Naye dalali mmoja, aliyefika kabla hata matanga hayajaisha, alilizunguka gari mara mbili, akalipiga teke gurudumu la mbele, akasema: "Hili ni la kuungaunga, halina mwaka. Nitawapa bei ya vyuma." Mjane yumo edani, mabinti wanamtazama kaka yao, na kaka mtu anatazama simu yake.

Wasomaji wangu, hasa akina mama, naomba mtulie kidogo na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini mwaka wa gari si mchezo wa vijana. Mke mwenye watoto ana thumuni, yaani fungu moja katika manane, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia kutolewa. Kinachobaki huenda kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja moja, kama ilivyobainishwa katika Suratun Nisaa. Sasa tuseme dalali anatoa shilingi 32,000 za vyuma. Mjane atapata 4,000, kijana 14,000, na kila binti 7,000. Tuseme mtu anayelijua gari hilo analitaka kwa 640,000. Mjane atapata 80,000, kijana 280,000, na kila binti 140,000. Bei hizi ni za mfano tu. Lakini tazameni pengo lililo kati ya 4,000 na 80,000, kisha mwambieni mjane kwamba mwaka wa gari hauna maana.

Kabla ya kulifunua gari, nieleze kidogo kwa nini magari haya yalijaa huko milimani. Injini ya Volkswagen hiyo imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hivyo uzito huyakandamiza magurudumu hayo kwenye matope yasiteleze ovyo. Hupozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuchemka mlimani wala kutafutiwa maji. Mwalimu, karani na mchuuzi wa soko waliipenda kwa hayo. Halafu yakaja mashindano. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na Volkswagen ikashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Kuna jambo la kushangaza hapa: malkia huyo alipata habari ya kifo cha baba yake, na hivyo akajua kuwa amerithi ufalme, tarehe 6 Februari 1952, akiwa katika nyumba iitwayo Sagana Lodge. Nyumba hiyo iko upande wa Kiganjo, Nyeri, si katika mji wa Sagana, na wenyeji wamechoka kuwasahihisha wageni kuhusu hilo. Kwa hiyo marehemu wetu hakuwa akibuni alipoliita gari lake ndugu wa gari la Safari. Aina yake ndiyo hiyo. Ila udugu wa aina si ushahidi wa mwaka.

Logibuku nayo ni ushahidi, lakini si ushahidi wa kila kitu. Gari likiundwa Ujerumani, likasafirishwa hadi bandari ya Mombasa, likakaa ghalani, likauzwa na kusajiliwa, miezi mingi huweza kupita, na karani wa zamani aliweza kuandika mwaka wa usajili mahali palipotakiwa mwaka wa kuundwa. Nambari ya usajili husaidia kidogo tu. Magari ya Kenya yaliyosajiliwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 yana herufi tatu zikifuatwa na tarakimu, bila herufi ya mwisho tuliyoizoea leo. Hilo hukuambia gari ni la kale. Halikuambii lilizaliwa lini.

Ushahidi wa kwanza umekaa mahali ambapo akina mama na watoto wameukalia miaka yote bila kujua: chini ya kiti cha nyuma. Ukikiinua kiti hicho katika Volkswagen ya aina hii, utaona katikati ya sakafu uti wa chuma unaotoka mbele kwenda nyuma. Juu ya uti huo imegongwa nambari ya chasisi. Mbele, ndani ya boneti ambamo huwekwa mizigo, kuna kibati chenye nambari hiyo hiyo. Hizo mbili zikilingana, na zikilingana pia na logibuku, umeanza vizuri. Zikitofautiana, simama hapo hapo, usiuze wala usinunue mpaka upate maelezo.

Binti mkubwa ndiye aliyekiinua kiti. Aliomba brashi ya waya kwa jirani, nikamzuia, nikamwambia atumie kitambaa na mafuta ya taa, kwa kuwa brashi ya waya huacha mikwaruzo inayofanana na kughushi. Alisugua polepole. Tarakimu zikatokea moja baada ya nyingine, naye akazisoma kwa sauti ili mama yake aliyekuwa barazani azisikie: moja, moja, saba, kisha nyingine sita.

Tarakimu tatu za mwanzo zilitosha. Hadi katikati ya mwaka 1964, kiwanda cha Wolfsburg kilihesabu magari yake mfululizo, na hesabu ilikuwa imepita milioni sita. Kuanzia Agosti 1964 utaratibu ukabadilika. Nambari ikawa ya tarakimu tisa: mbili za mwanzo zinataja aina ya gari, na ya tatu inataja mwaka wa modeli. Kwa gari hili aina ni 11. Basi 115 ni modeli ya 1965, 116 ni ya 1966, 117 ni ya 1967, na 118 ni ya 1968. Kuanzia modeli ya 1970 iliongezwa tarakimu ya kumi, lakini ile ya tatu iliendelea kutaja mwaka.

Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi. Mwaka wa modeli si mwaka wa kalenda. Kiwanda kilifunga kwa likizo ya kiangazi, na kiliporejea Agosti kilianza modeli ya mwaka unaofuata. Gari la modeli ya 1967 liliundwa kati ya Agosti 1966 na Julai 1967. Mtu akikuambia gari lake liliundwa Oktoba 1966 na mwingine akakuambia gari hilo hilo ni la 1967, huenda wote wawili wanasema kweli. Sisi tunaohesabu kwa Hijria na kwa Miladia hatupaswi kuona ugumu katika hilo.

Hivyo 1962 ya kijana ikaanguka, na 1968 ya logibuku ikaanguka pia, ingawa hiyo ilikosea kwa karibu. Kijana hakupendezwa. "Sheikh, lakini baba alisema," aliniambia. Nikamwonyesha madirisha. Agosti 1964 vioo vya gari hili vilipanuliwa pande zote, na hivi vilikuwa vile vipana. Laiti lingekuwa gari la 1962 vioo vingekuwa vidogo. Yapo mengine ya kutazama kwa mwenye kutaka: gari lenye kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili ni la kabla ya Machi 1953, lenye kioo cha nyuma cha umbo la yai ni la kati ya hapo na Julai 1957, na mizinga ya kigeji cha petroli ilianza kuwekwa Agosti 1961 katika magari ya kuuzwa nje, kwani kabla yake dereva alikuwa na kijibomba cha akiba tu cha kufungulia kwa mguu, petroli ikimwishia njiani.

Injini msiitegemee kwa ushahidi. Imeshikwa na bolti nne, hushushwa na kupandishwa kwa muda mfupi, na gari la umri huu aghalabu limekwisha kuwa na injini mbili au tatu. Ni kama mpangaji, ambaye jina lake haliko katika hati ya nyumba.

Tukaja kwenye magurudumu, na hapa ndipo dalali alipokuwa na nusu ya hoja.

Volkswagen hizi, kwa miaka mingi, zilifungwa kila gurudumu kwa bolti tano zilizopangwa katika duara pana la milimita 205. Rimu ilikuwa ya inchi 15 tangu mwishoni mwa 1952, baada ya ile ya inchi 16 kuachwa. Katika modeli ya 1966, pamoja na injini ya 1300, zikaja rimu zenye matundu marefu pembezoni, yanayopitisha hewa kwenye breki, na vifuniko bapa badala ya vile vya mviringo kama kibakuli kilichofunikwa. Kisha bolti tano zikapungua kuwa nne, katika duara dogo la milimita 130. Waliotangulia kupata nne ni wale wa injini ya 1500 yenye breki za diski mbele, kuanzia Agosti 1966. Aina nyingine zikafuata kuanzia modeli ya 1968.

Gari letu lilikuwa la 1300, lenye breki za ngoma, modeli ya 1967. Lilipaswa kuwa na bolti tano. Tulipoving'oa vifuniko, magurudumu yote manne yalikuwa na bolti nne.

Tena taa za mbele zilisimama wima. Hilo nalo ni la modeli ya 1968 na kuendelea, kwa kuwa kabla ya hapo taa zililala kufuata mteremko wa bawa, chini ya kioo kilichoinama. Ndiyo maana gari lile, kwa jicho la mpita njia, lilionekana kabisa kama la 1968, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuitilia shaka logibuku. Mjane akatueleza sababu. Miaka mingi nyuma marehemu aligongwa karibu na Makutano, na fundi akayatoa mabawa, ngoma za breki na magurudumu katika gari jingine lililokuwa limekufa. Lilikuwa tengenezo la lazima la mtu aliyetakiwa kuwa sokoni Karatina alfajiri ya pili yake, wala hakumdanganya yeyote. Lakini athari yake ni kwamba nambari ya chasisi inasema jambo moja na uso wa gari unasema jingine.

Ndipo binti mdogo, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza: "Na lile la ndani ya boneti?"

Gurudumu la akiba, ambalo mafundi huliita spea, katika gari hili hulala mbele, ndani ya boneti. Tulilitoa. Lilikuwa na matundu matano ya bolti. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote hiyo marehemu alibeba spea ambayo haingeweza kufungwa kwenye gari lake mwenyewe! Kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kwa nini hakulitupa? Jawabu lilikuwa kwenye kijipira chembamba kilichounganishwa na vali yake. Katika Volkswagen za miaka hiyo, upepo wa spea ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo cha mbele. Marehemu aliliacha liwe tangi lake la upepo, na kwa sababu halikuzunguka barabarani wala kunyeshewa, lilibaki na rangi yake ya kiwandani karibu yote.

Katika magari yote ya kale, spea ndiyo ya kwanza kutazamwa. Magurudumu manne hupasuka, hupinda, huibwa, huazimwa. Spea hulala gizani. Na rimu za Volkswagen zimegongwa alama usoni: ukubwa wake, jina la kiwanda kilichoifua, kama vile Lemmerz au Kronprinz, na mara nyingi mwezi na mwaka wa kufuliwa. Alama hizo huwa karibu na matundu ya bolti, chini ya uchafu na rangi. Kanuni yake ni nyepesi: rimu ni lazima iwe imefuliwa kabla ya gari kukamilika, tena si kabla sana. Rimu iliyofuliwa baada ya gari kuundwa haikuja nalo, hata muuzaji aape vipi. Ile spea ya Sagana ilikuwa ya miezi ya mwanzo ya 1967, ikapatana na nambari ya chasisi.

Nirudi nyuma kidogo, maana neno "asili" limewagombanisha watu wengi sokoni. Muuzaji anaposema "magurudumu ya asili", huenda anakusudia moja kati ya mambo matatu. La kwanza, haya ndiyo yaliyotoka kiwandani na gari hili. La pili, haya ni ya namna ile ile na ya mwaka ule ule, ingawa yametoka katika gari jingine. La tatu, ambalo ndilo la wengi, haya ni ya zamani na ni ya Volkswagen. Kila moja lina bei yake, na mnunuzi aliyelipia la kwanza akapewa la tatu amedhulumiwa, hata kama macho yake yamefurahi. Mimi sioni aibu kwa gari kuwa na magurudumu ya namna ya pili. Aibu iko katika kuyaita ya kwanza.

Kijana, alipojua kuwa bolti tano ndizo zinazotakiwa, alipata wazo la haraka. Alitaka atafute rimu nne za bolti tano Nairobi, azipake rangi, gari liuzwe kama lilivyotoka kiwandani. Nilimweleza mambo mawili. La ufundi ni kwamba rimu peke yake hazitoshi: ngoma za breki zilizomo ni za bolti nne, kwa hiyo nazo zibadilishwe, na hiyo ni gharama itakayokatwa katika mali ya watu wanne, si ya mmoja. Tena afanye hivyo kwa idhini yao.

La pili ni la dini. Aliyepitia Minhaj ya Imam Nawawi katika madrasa zetu atakumbuka mlango wa khiyari, na humo mnatajwa kufungwa kwa chuchu za mnyama ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ndiyo desturi yake, na kuzuiwa kwa maji ya kinu ili yaachiwe wakati wa kuuza na kinu kizunguke kwa nguvu isiyo yake. Wanachuoni wetu wa Kishafi wamelihesabu hilo kuwa udanganyifu, na mnunuzi akigundua ana haki ya kurudisha. Sioni tofauti kati ya maji ya kinu na rangi mpya juu ya rimu ya kuazima. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyepita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta ndani mna unyevu. Mwenye mali alijitetea kwa mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule ulioloa juu, watu wauone. Mvua haikuwa kosa lake, kama ajali ya Makutano isivyokuwa kosa la marehemu. Kilichotakiwa ni kuuweka unyevu juu.

Kwa haki, niseme pia kwamba dalali hakuwa mbora wa kijana. Kupunguza thamani ya mali ya mayatima na wajane kwa kuwatisha kwa neno "kuungaunga" ni udanganyifu ule ule uliogeuzwa kichwa chini. Nina hakika alijua alichokiona, kwani mtu asiyejua hapigi teke gurudumu la bolti nne katika gari lenye vioo vya modeli ya 1967. Magari ya namna hii hayaongezeki Kenya. Sheria hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka minane, basi yaliyopo ndiyo yaliyopo. Mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003, wengi wetu tumeyaona yakipita huku kwetu Mombasa. Na maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yanayofanywa tangu 1970, yamewafundisha watu kulitazama gari la babu kwa jicho jingine. Huko waamuzi hukagua hata parafujo.

Kwa familia nyingine zenye mali ya aina hii, na ziko nyingi huko Nyeri, Karatina na Nanyuki kama zilivyo Malindi na Lamu, kanuni ni hiyo hiyo japo alama hutofautiana. Land Rover, kwa mfano, ilizaliwa 1948. Ya pili ikaja 1958 na ya tatu 1971. Ikiwa taa zake za mbele zimekaa karibu karibu katikati, pembeni mwa wavu, ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, maana ndipo taa zilipohamishiwa kwenye mabawa. Lakini Land Rover ni mchanganyiko mkubwa kuliko gari lolote nililolijua, mabawa yake hufunguliwa kwa spana tu, na wakulima waliyabadilisha kama nguo. Huko nambari ya chasisi ndiyo yenye neno.

Aliye na Volkswagen na akataka uthibitisho usio na ubishi anaweza kuiandikia hifadhi ya makumbusho ya Volkswagen, Stiftung AutoMuseum Volkswagen, iliyoko Wolfsburg. Kwa ada, na kwa kupelekewa nambari ya chasisi, hutoa cheti cha kuzaliwa kwa gari, chenye tarehe ya kuundwa, rangi yake ya kwanza na mahali lilikopelekwa. Nilimshauri mjane asiuze kabla ya cheti hicho kuombwa. Ada ililipwa kutoka katika tarika, kabla ya mgao, kwa kuwa faida yake ni ya wote.

Na mrithi mmoja akitaka kulichukua gari lenyewe, hakuna kizuizi. Gari litathaminiwa na mtu asiye na maslahi, bei ikubaliwe na warithi wote, kisha ikatwe katika fungu lake, na ikizidi aongeze fedha. Wasipopatana, mahakama ya kadhi ipo kwa ajili hiyo. Kijana alilifikiria hilo siku mbili, akakataa. Hana mahali pa kuliweka.

Karatasi ya mauzo iliandikwa na binti mkubwa, na mama yake ndiye aliyemsomea cha kuandika kutoka barazani. Gari ni Volkswagen 1300, modeli ya 1967 kwa nambari ya chasisi. Logibuku inasema 1968. Mabawa ya mbele na taa si ya mwaka huo. Magurudumu manne na ngoma zake ni ya bolti nne, yametoka katika gari jingine. Spea ni ya bolti tano, ya 1967, tunaamini ilikuja na gari. Injini haijawashwa kwa miaka kumi na tano. Sakafu ina kutu upande wa dereva.

Kaka mtu alitaka lile la kutu lifutwe. Mama akasema liandikwe kwanza, juu ya yote, na karatasi ikaandikwa upya. Mnunuzi wa tatu aliyekuja, mtu wa Thika, aliisoma yote akiwa amesimama, akainama chini ya gari kwa muda mrefu, kisha akauliza kama spea imo katika bei. Akaambiwa imo.